Kiwanja cha Birika

"Kiwanja hiki si chako," alisema karani wa ofisi ya ardhi bila kuinua macho. "Hiki ni cha Birika."

Fundi makochi aliinama dirishani mpaka paji la uso likagonga kioo. "Cha nani?"

"Birika. Be, i, re, i, ka, a." Karani aligeuza rejista kubwa iliyochakaa pembeni ili naye aone. "Kiwanja nyuma ya kisima cha zamani. Muuzaji amesaini, mnunuzi hakuwepo. Jina la mnunuzi, Birika. Basi. Wewe kitambulisho chako kina majina matatu, na hata moja halifanani na hili."

"Lakini mimi ndiye niliyenunua! Nyumba nimejenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Karakana yangu ipo pale mbele. Mama mkwe wangu anaishi chumba cha uani!"

"Sijakataa kwamba unaishi. Hata panya wanaishi."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, fundi akageuka kuwatazama mmoja mmoja, wakanyamaza. Wote walikuwa wameletwa hapo na tangazo moja. Gari lenye vipaza sauti lilikuwa limezunguka mitaani kutwa likisema hati zote zinatolewa kwenye madaftari ya zamani na kuingizwa kwenye kompyuta, kila mwenye kiwanja afike na kitambulisho chake, na kiwanja ambacho mwenyewe hatajitokeza kitauzwa. Wenzake walikwenda siku za mwanzo. Fundi yeye alisubiri, kwa sababu alisikia wenye mashine za fotokopi wamepandisha bei kwa ajili ya msongamano, akasema watashusha wenyewe wakichoka.

"Huyo Birika unamfahamu?" karani aliuliza.

"Simfahamu, sijawahi kumsikia, na sitaki kumsikia. Huyo ni tapeli!"

"Basi andika maelezo." Karani akapitisha karatasi chini ya kioo.

Fundi aliandika kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi. Aliandika kwamba hajapata kumjua mtu anayeitwa Birika, kwamba mtu huyo ni mwizi, mnafiki na adui wa maendeleo, na kwamba anaiombea serikali nguvu ya kumkamata popote alipo na kumpa adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Nafasi ilipokwisha aliuliza kama karatasi ya pili inalipiwa. Alipoambiwa ndiyo, akaigeuza ile ile na kumalizia nyuma. Kisha akasaini, akaweka na dole gumba.

Karani aliipiga muhuri. "Akipatikana tutakuita."

"Nitampata mimi kabla yenu," fundi alisema.

 

Alianzia kwa kinyozi, maana kinyozi anajua vichwa vyote vya mtaa, vya nje na vya ndani.

"Unamjua mtu anaitwa Birika?"

Mteja aliyekuwa ananyolewa alitoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa. Wembe ukateleza, sharubu za upande mmoja zikaenda. Kinyozi hata hakuona. Alikuwa anatazama dari.

"Birika... Jina si geni masikioni."

"Kwa hiyo unamjua!"

"Kumjua kumjua, hapana. Namwona tu akipita."

"Anapita hapa? Mtaa huu?"

"Kila siku, fundi."

Fundi alikaza mkanda wake. "Yukoje?"

Kinyozi alimwangalia kuanzia viatu mpaka utosini, kama mtu anayekumbuka kwa shida. "Wa makamo. Mwembamba hivi. Kipara kinaanza kumpanda. Hapa kwangu hanyoi, hunyolewa nyumbani na mkewe kwa mkasi wa kukatia vitambaa."

"Bahili huyo," fundi alisema kwa dharau.

"Hatusemi," alijibu kinyozi.

Mteja mwenye sharubu nusu alitoka mbio bila kulipa, akaonekana ameshika nguzo ya umeme, mabega yanamtikisika.

Kwa mama muuza mkaa habari zilikuwa vilevile. Alikiri anamfahamu Birika kwa mbali. Alipoulizwa kama ni mteja wake, akasema, "Mteja ni mtu anayenunua, fundi. Yeye huja jioni kuniuliza kama kuna chenga zilizodondoka."

"Hana hata haya!"

"Sijawahi kuziona."

"Akija tena, mshike hapo hapo, uniite."

"Nikishamshika," mama muuza mkaa alisema, akijifunika mdomo kwa kiganja cheusi, "sina haja ya kukuita."

Fundi akaondoka akitikisa kichwa. Jambo moja tu lilimshangaza. Kote alikopita, watu walikuwa wanamjua mwizi wake vizuri kuliko yeye, na hakuna aliyeonekana kumchukia sana.

 

Nyumbani aliwakuta mkewe na mama mkwe wake wamekaa karakanani, kwenye kochi la mteja ambalo lilikuwa limekwisha kuvikwa nusu. Mkewe alikuwa anashona mto. Mama mkwe alikuwa ananyoosha misumari iliyokwisha kutumika, akiigonga mmoja mmoja juu ya jiwe, kazi aliyopewa na mkwe wake siku ile aliyosema anachoka kukaa bure.

"Kuna mtu ameiba kiwanja chetu," fundi alisema. "Anaitwa Birika."

Nyundo ya mama mkwe ilisimama hewani.

"Amejiandikisha kwenye rejista ya serikali kana kwamba ni mali ya baba yake. Lakini nimemweza. Nimeandika maelezo akamatwe."

"Umeandika nini?" mkewe aliuliza polepole.

"Kwamba simjui. Kwamba ni mwizi na mnafiki. Nikaweka na dole gumba."

Mama mkwe aliweka nyundo chini. Akaanza kucheka bila sauti, machozi yanamtoka, mkono mmoja kifuani na mwingine umemshika mwanawe begani. Alipopata pumzi alisema, "Mkwe wangu, umejishtaki."

"Nimejishtaki vipi?"

"Mama, acha," alisema mke.

"Siachi. Tukiacha tutalala nje. Mkwe wangu, Birika ni wewe."

Fundi alimtazama mkewe akitegemea akanushe. Mkewe alikuwa anaitafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Mimi naitwa Birika? Na nani?"

"Na mtaa," alisema mama mkwe. "Na soko. Na mtoto wa jirani, hilo ndilo neno lake la tatu baada ya mama na maji."

"Tangu lini?"

"Tangu arusi yako."

"Na kwa nini Birika? Nina nini cha birika mimi?"

Wanawake wawili walitazamana. Mke ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anayemtoa mtu mwiba. "Mkono, baba watoto. Mkono wa birika. Ulishakunjwa, haunyooki."

Fundi alitazama mkono wake wa kulia. Akaunyoosha, akaukunja, akaunyoosha tena, kana kwamba alikuwa hajawahi kuujaribu. Kisha akakaa chini, si kwenye kochi la mteja, bali kwenye gunia la sponji kuukuu, na hapo ndipo lilipomjia lililofanyika. Siku ile ya kununua kiwanja, mzee aliyemuuzia alimwambia waende wote ofisini wakaandikishane. Fundi akapiga hesabu ya nauli ya watu wawili, akamshika mzee mkono akasema, "Nenda tu wewe, baba, mimi nakuamini." Mzee akaenda peke yake, akaulizwa jina la mnunuzi, akataja lile analolijua. Na sasa mzee alikuwa amekwisha kufa, hawezi hata kuulizwa.

"Kwa hiyo nauli ya mtu mmoja," alisema mwishowe, "ndiyo inayotaka kula nyumba yangu."

Mama mkwe alichukua msumari mwingine akaendelea kugonga, taratibu, kwa heshima.

 

Siku ya pili alirudi dirishani.

"Umempata?" karani aliuliza.

"Nimempata."

"Yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Karani alivua kofia, akaivaa tena. Alifungua faili, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni: "Mwizi, mnafiki na adui wa maendeleo. Unaomba apewe adhabu kali."

"Naomba kumsamehe."

"Na dole gumba umeweka."

"Nimeona. Kaka yangu, nisaidie. Nifanyeje?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. Alimweleza kwamba tangazo litabandikwa ubaoni, yeyote mwenye madai juu ya kiwanja cha Birika ajitokeze, na kama hakuna, msajili wa hati atasikiliza mashahidi na kuamua. Fundi alete watu watakaoapa kwamba yeye ndiye Birika, na kwamba alikuwa Birika tangu wakati kiwanja kinanunuliwa.

"Mashahidi wa kwamba mimi ni bahili?"

"Mimi sijasema bahili," alisema karani. "Wewe ndiye uliyesema."

Tangazo lilibandikwa. Halikumaliza wiki kabla karani hajamtumia ujumbe aje. Alikuwa amejitokeza Birika mwingine: bwana mmoja mnene mwenye vibanda vya chai, ambaye naye huko kwao anaitwa Birika, na ambaye alisema anakumbuka vizuri kununua kiwanja nyuma ya kisima cha zamani, ila shughuli nyingi zilimsahaulisha kujenga. Aliposikia kwamba pana nyumba imekwisha kujengwa, alisema hana kinyongo, ataipokea hivyo hivyo.

 

Fundi hakulala. Si kwa sababu ya Birika wa pili. Alilala chali akipitisha maisha yake yote mbele ya macho, kila salamu aliyopewa, kila kicheko alichokikuta kikikatika alipoingia mahali. Kulipokucha alikuwa amekata shauri. Kama watu wanamjua hivyo, watamjua vingine.

Alimnunulia kinyozi soda. Kinyozi aliipokea, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka kando bila kuifungua. Alipeleka makochi kwa mteja akiwa amegongelea misumari mipya mitupu, na mteja akarudi naye mpaka karakanani kuuliza kama kuna kosa limefanyika. Mama mkwe aliletewa kandambili mpya. Alizipokea kwa mikono miwili, kisha akaenda jikoni kumnong'oneza mwanawe: "Mumeo anaumwa. Mimi nimeona wengi wanaoaga hivi."

Jioni mama muuza mkaa alikuja akiwa na gunia dogo la mkaa alilolipiwa taslimu.

"Shemeji," alimwambia mke, "mimi niliahidi kuja kuapa. Lakini huyu mtu leo kaniambia nibaki na chenji. Sasa nikaape nini mbele ya serikali? Nitaonekana mwongo."

Mke alimshukuru, akamsindikiza, akafunga mlango, akasimama mbele ya mumewe mikono kiunoni.

"Unataka tulale nje?"

"Nataka nijulikane kama mtu."

"Utajulikana tukishapata hati. Umesikia kuna tajiri anataka nyumba yetu, na wewe unagawa soda! Wakisema Birika mkarimu ni yupi, si watakuonyesha wewe?"

"Mke wangu, unaniambia niwe bahili?"

"Nakuambia uwe vile Mungu alivyokuumba. Wiki hii tu. Nakuomba."

"Hata nauli za mashahidi nisitoe?"

"Uthubutu!"

Uso wa fundi ukalegea kidogo, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. "Kandambili," alisema kwa sauti ndogo, "zina risiti. Zinarudishwa."

"Kazirudishe," alisema mke. Na kutoka chumba cha uani mama mkwe akaitikia, "Alhamdulillahi, amepona!"

 

Siku ya kusikilizwa, mashahidi wa fundi waliingia ofisini kwa msajili wakiwa na vumbi mpaka magotini, kwa kuwa walikuja kwa miguu. Msajili alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, na alikuwa na sifa ya kutocheka tangu aajiriwe. Karani alikaa pembeni na kalamu tayari.

Birika wa pili alikuwa ameambiwa maana ya jina lile mtaani kwa fundi, akajiandaa. Alivaa shati lililotoboka mgongoni na kiatu kilichofungwa kamba. Ila manukato yake yaliingia mlangoni kabla yake, yakakaa kwenye kiti cha mbele.

"Mheshimiwa," alianza, "mimi ni bahili tangu tumboni. Mama yangu alikuwa ananibeba miezi inapita, sitaki kutoka, naogopa gharama."

"Shahidi wako," alisema msajili.

Alisimama kijana mchangamfu aliyekuwa anatafuna bado.

"Unamfahamu huyu bwana?"

"Namfahamu! Mtu wa watu huyu! Asubuhi ya leo tu katulisha wote, chapati na mayai, katulipia nauli ya kuja na kurudi, na kasema tukimaliza vizuri kuna..."

Birika wa pili alikohoa kwa nguvu, kamba ya kiatu ikakatika.

"Na ubahili wake umeuona wapi?" msajili aliuliza.

"Ubahili upi?" Kijana aligeuka kumtazama tajiri wake. "Sisi tuliambiwa tuseme ni Birika. Mengine hatukuelezwa, mzee, ungetueleza."

Birika wa pili aliomba kurekebisha maelezo. Alisema jina lake kwa kweli halitokani na ubahili, linatokana na chai. Yeye ni birika la chai, si la mkono. Ameitwa hivyo na wateja wake wenyewe, kwa mapenzi, tangu alipofungua kibanda chake cha kwanza pale stendi mpya.

"Stendi mpya?" Msajili alivaa miwani. "Hati ya stendi mpya niliisajili mimi kwa mkono wangu, na kiwanja hiki kilikuwa kimekwisha kununuliwa. Kaa chini, bwana. Wakati huo hukuwa birika. Hukuwa hata kikombe."

Lakini hilo lilimtoa mmoja tu. Bado fundi alitakiwa aonyeshe kwamba Birika ni yeye.

Akaanza kinyozi. Aliapa, akasema kwamba fundi aliwahi kuingia dukani kwake kwa ajili ya nywele mara moja tu tangu wafahamiane, kuuliza kama mtu aliyeota kipara nusu ya kichwa analipa nusu. Mama muuza mkaa akasema kwamba fundi aliazima kwake njiti moja ya kiberiti, na kesho yake asubuhi akairudisha, imeungua, wasije wakadaiana. Mama mkwe alikataa kiti. "Mimi mkwe wangu nampenda," alisema. "Hanipigi, hanitukani. Lakini mgeni akifika kwake, humwuliza, 'Umekwisha kula?' kwa namna ambayo huwezi kumjibu hapana."

Karani aliandika yote, ulimi nje. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Kila neno lilimchoma, na kila neno lilimrudishia tofali. Alifika mahali akawa hajui aombe waendelee au wanyamaze.

"Nimeamini ni bahili," alisema msajili. "Sasa nani ataniambia tangu lini?"

Mke alisimama. Alifungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha picha, akaiweka mezani. Msajili aliinama. Karani akainuka kuchungulia.

Ilikuwa picha ya arusi. Bibi arusi alikuwa amevaa gauni jeupe mpaka chini, maua mkononi, kajipamba kama malaika. Kando yake alisimama bwana arusi, wima, kifua mbele, amevaa singleti na kaptula, na shingoni tai.

"Suti ilikuwa ya kukodi," alisema mke. "Ilitakiwa irudi kabla ya jioni, la sivyo tulipe siku ya pili. Mpiga picha akachelewa. Mume wangu akaivua, akampa mtu wa baiskeli airudishe. Tai ilibaki kwa kuwa ilikuwa ya kuazima, haikuwa na muda." Akaweka kidole kwenye picha. "Huyu mzee anayecheka hapa nyuma ndiye aliyetuuzia kiwanja, mwaka ule ule. Alisema mbele ya wageni wote, 'Huyu bwana arusi ni birika.' Jina likaanzia hapo."

Sauti ya ajabu ilitoka kwa msajili, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye uzi, kinyozi akacheka, Birika wa pili akacheka akipiga goti lake, na karani akalazimika kuifunika rejista isilowe.

Mke peke yake hakucheka, na walipomwona wakapoa mmoja mmoja.

"Siku ile na mimi nilicheka," alisema, "kwa sababu wageni walikuwa wanacheka. Walipoondoka nililia. Picha hii sijawahi kuitundika."

Fundi aliinua kichwa. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza fremu bei gani."

Fundi alifungua mdomo, na wote waliomfahamu waliona kwamba kweli hilo ndilo swali lililokuwa limemjia, na kwamba alilimeza kwa shida, kama kidonge kikubwa.

 

Msajili aliamua pale pale. Kiwanja ni cha Birika, na Birika ni huyu. Kuhusu hati mpya, alisema, mambo ni mawili. Ikiandikwa kama ilivyo kwenye rejista, jina Birika, hakuna malipo. Wakitaka kusahihisha jina liwe la kitambulisho, kuna ada.

Karani, ambaye alikuwa amemzoea mtu wake, alikwisha kuandika herufi ya kwanza ya Birika.

"Sahihisha," alisema fundi.

Kalamu ikasimama.

"Weka majina yangu matatu. Na baada ya hapo weka ya mke wangu. Nyumba iwe ya wote wawili."

"Kuongeza jina kuna ada yake," karani alimtahadharisha. "Mbali na ile ya kwanza."

"Nimekusikia."

Aligeuka ukutani, akavua kiatu, akavua soksi, akatoa noti zilizokunjwa ndogo kama dawa. Alizihesabu mara moja tu. Jasho lilikuwa limemtoka, na mama mkwe alishika ukingo wa benchi kana kwamba nyumba inatikisika, lakini hakuomba apunguziwe. Karani alizipokea kwa ncha za vidole, akazianika dirishani kwanza.

Mke alimkabidhi mumewe soksi yake, na alipokuwa anamkabidhi akamshika mkono kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Hati iliandikwa, jina la mume, jina la mke. Karani alikuwa karibu kupiga muhuri, msajili akamzuia.

"Kesi hii imenitosha. Tangu leo, kila hati, pembeni andika na jina la mtaani. Sitaki mtu mwingine aje hapa kujitafuta."

Karani akaandika Birika pembeni, kisha akamgeukia mke. "Na wewe mama, mtaani unaitwaje?"

"Mimi?" Mke alicheka. "Mimi sina jina la mtaani. Naheshimika."

Karani aliwatazama mashahidi ili wathibitishe. Kinyozi alikuwa amegundua kitu cha maana sana kwenye kucha zake. Mama muuza mkaa alikumbuka kwamba ameacha moto, akaanza kusogea kuelekea mlangoni.

"Jamani," alisema mke. "Mbona mmenyamaza?"

Akamgeukia mama yake mzazi. Mama mkwe wa fundi alijitazama miguuni, akapanga kandambili zake kuukuu zikae sawasawa, akasema kwa sauti ya chini:

"Kifuniko."

"Kifuniko? Kifuniko cha nini?"

Fundi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alijaribu kujizuia. Alijishika mdomo kwa soksi, akageukia ukuta, mabega yakamtikisika, mwishowe akakaa chini sakafuni akicheka kama mtoto, cheko ambalo mkewe alikuwa hajalisikia tangu kabla ya arusi.

"Tangu lini?" mke aliuliza, macho yametoka. "Mama! Tangu lini?"

"Wewe ndiye unayemfunika, mwanangu. Watu walikuwa wafanyeje?"

Karani alisubiri kwa adabu, kalamu juu ya karatasi. "Samahani, mama. Niandike Kifuniko peke yake, au Kifuniko cha Birika?"

Mke aliwatazama wote, kinyozi, mama muuza mkaa, mama yake, msajili aliyekuwa ameficha uso nyuma ya faili, na mumewe aliyekaa sakafuni mguu mmoja mtupu. Akavuta pumzi.

"Andika yote," alisema akiuma meno. "Lakini kwa herufi ndogo."